Fève ndani ya chai ya Tonton Anaclet

Wiki mbili zilizopita Tonton Anaclet alihamia kwangu, na kitu cha kwanza kilichoingia mlangoni hakikuwa kitanda chake wala sanduku la nguo. Kilikuwa kabati. Vijana wawili walilibeba wakitweta, na yeye nyuma yao, fimbo mkononi, akiwafokea kana kwamba wamebeba mgonjwa: "Polepole, bandugu! Musiinamishe! Kuko vitu mule vinapumua!" Walipolitua sebuleni nikafungua mlango wake kidogo tu, na harufu ikanipiga usoni. Udongo baada ya mvua, mabenchi ya kanisa la zamani, na kafuri kwa mbali. Ikabidi nikae chini. Mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na moja, nina kazi na watu wananiita Madame, lakini kwa harufu ile nilirudi kuwa na miaka saba, mikono imejaa majani meusi, na kengele ya mlango inalia.

Wakati huo tulikuwa tumefika Brussels karibuni, mama na mimi, tukitoka Bukavu. Baba alikuwa ameshafariki. Tonton ni mjomba, lakini Anaclet hakuwa ndugu yetu wa damu, alikuwa rafiki wa baba tangu chuo kikuu cha Lubumbashi, akatupokea katika nyumba yake ya chumba kimoja, ghorofa ya tatu, mtaa wa Saint-Josse. Chumba alitupa sisi. Yeye akalala kwenye canapé ya sebuleni, miguu ikining'inia nje, na asubuhi anavaa sare yake ya ulinzi, anaenda Schuman kulinda mlango wa ofisi ambayo hakuwahi kutuambia inafanya kazi gani. Alikuwa Mkatanga kabisa, mtu wa upande wa Lubumbashi. Kiswahili chake kilimchekesha mama, na cha mama kilimchekesha yeye, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na kelele hata kabla mtu hajasema jambo la maana.

Sasa, kabati. Tonton alikuwa amesoma Uchina, zamani, wakati nchi yetu ilipokuwa ikipeleka vijana kule. Alikaa miaka mitano akisomea kilimo, katika mkoa wa milima ambako chai inatoka. Na hapa msifikirie chai ya pakiti. Hii ni majani yaliyopigwa mvuke na kushindiliwa mpaka yakawa duara gumu, upana wa sahani, na upande wa nyuma lina kishimo kama kitovu. Kila duara limefungwa karatasi nyembamba iliyokunjwa kwa ustadi. Hainywewi haraka. Inawekwa miaka kumi, ishirini, thelathini, inazidi kuwa nyeusi na tamu. Tonton alirudi Kongo na duara moja tu, akahama nalo mpaka Ulaya, na huku akaongeza mengine polepole mpaka yakafika kumi na saba. Kwa Kifaransa aliyaita "magalettes", kama keki bapa.

Magalettes yale yalikuwa na sheria nyingi kuliko kanisa. Yasikae karibu na sabuni. Yasikae karibu na manukato. Na mama akikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwa la kwetu, mlango wa jikoni ufungwe, dirisha lifunguliwe, hata kama nje kunaanguka theluji. Tonton angepiga kelele kutoka sebuleni: "Maman Faida, mulango! Sambaza zako zitaingia mu chai!" Na mama, akitetemeka kwa baridi na mwiko mkononi, angejibu: "Eeh, papa, nimefunga! Majani iko na haki kuliko batu mu nyumba hii!"

Kisha kulikuwa na bakuli la maji. Majira ya baridi, radiateur, kile kipasha joto cha ukutani, hukausha hewa, na chai ya namna ile haipendi ukavu, kwa hiyo Tonton aliweka bakuli la maji ndani ya kabati, chini. Mimi nani angenieleza mambo ya unyevu? Nilikuwa nachungulia kila siku baada ya shule, naona maji yamepungua, nikajua magalettes yanakunywa. Siku moja nikamwambia mama, "Leo zimekunywa sana." Mama akafanya ishara ya msalaba, kisha akaniambia nisirudie maneno hayo mbele ya watu wa kanisa.

Lakini kilichokuwa kinamnyima mama usingizi hakikuwa chai. Alikuwa anamsubiri polisi. Ninyi mliopita njia hii mnajua: ukihamia mahali, unajiandikisha commune, yaani ofisi ya manispaa, halafu polisi wa mtaa anakuja kuangalia kama kweli unaishi pale. Asipokukuta, huna anwani, na bila anwani hakuna karatasi yoyote itakayosogea. Tonton alikuwa ameandika jina letu kwenye kipande cha karatasi akakibandika kwa scotch, ule utepe wa gundi, chini ya jina lake, pale kwenye kengele ya mlango wa barabarani. Mvua ikakiosha. Akaandika tena. Ikaosha tena. Na polisi alikuwa ameshakuja mara moja, siku ambayo tulikuwa sokoni, akaacha kikaratasi. Bamama wa kanisani wakamwambia mama kwamba akikukosa mara ya pili, dossier, yaani faili lako, inafungwa. Sijui kama ni kweli. Mama aliamini, na tangu siku hiyo alikaa dirishani kama amefungwa kamba. Alipotaka kwenda hata kununua mkate alisubiri mimi nirudi kutoka shuleni, ili awepo mtu wa kusikia kengele. Nilikuwa namsikia akiomba jikoni, anamtajia Mungu mpaka namba ya nyumba, asije akapotea.

Ikafika Januari. Ninyi mliosoma huku mnaikumbuka galette ya Januari: mwalimu anakata keki, ndani kumefichwa fève, kisanamu kidogo cha kauri, na atakayekipata kwenye kipande chake anavaa taji. Sikuwahi kuona jambo zuri kama lile. Mwalimu alieleza kwamba aliyepata fève ni mfalme au malkia, na siku nzima anachosema kinafanyika. Kipande changu kilikuwa na lozi tupu. Alipata mtoto mmoja wa meza ya nyuma, na unajua aliamuru nini? Tucheze mpira. Nilimkasirikia kweli. Mtu anapewa ufalme, anaomba mpira! Mimi nilijua kabisa ningeamuru nini. Polisi aje, basi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Tonton alitoa magalettes yake kuyanusa moja moja, kama kawaida yake. Lile la zamani, lenye karatasi iliyogeuka rangi ya ngozi, alilishika muda mrefu. Mama akamuuliza kwa nini hilo halinywewi.

"Hii njo ya kwanza," Tonton akasema. "Nilinunua kule, kwa muzee moja wa sokoni. Aliniambia imetoka ku kiwanda kile kikubwa, kile kinajulikana. Barafiki yangu bote bakanicheka. Banasema: Anaclet, alikudanganya, alikuona mugeni."

"Sasa utajua namna gani?"

"Ndani kuko fei. Galette yote iko na fei yake. Yangu imezama, haionekane. Mupaka kuivunja."

"Basi vunja, papa, tuone!"

"Aka! Siku kubwa ikifika." Akalifunga tena, mikunjo ile ile. "Na kama ni ya bongo, je? Miaka yote hii nabeba bongo?"

"Bongo" kwa watu wa kwetu ni uongo. Lakini mimi sikuwa nasikiliza tena. Fei, kama nilivyokuja kujua baadaye sana, ni neno la Kichina: kikaratasi kinachoshindiliwa pamoja na majani, kikitaja nani ametengeneza chai. Masikio yangu yalikuwa na miezi michache tu ya Kifaransa. Nilisikia galette. Nilisikia fève. Na nilisikia kwamba imo ndani, na hakuna aliyeipata.

Jumatano shule inaisha mchana. Mama alikuwa na mzigo wa nguo wa wiki mbili, na salon-lavoir, duka la mashine za kufulia, ilikuwa pembeni tu ya barabara. "Faida, unabaki. Kengele ikilia, unakimbia ku dirisha, unaniita kwa nguvu. Usifungue." Nikasema ndiyo, mama. Mlango ulipofungwa tu, nikaenda kwenye kabati.

Nilichagua lile la zamani kwa sababu za haki kabisa: ndilo ambalo Tonton alisema fève imezama. Nikalibeba mpaka jikoni, nikakunjua karatasi, nikachukua ule msumari wake wa chuma wenye mpini wa mti, wa kuchokolea chai. Jamani, lilikuwa gumu! Yeye huchokoa pembeni, taratibu, majani yanatoka mazima. Mimi nililisimamisha, nikalichoma katikati, nikalikalia. Likapasuka kwa sauti ya biskuti. Vumbi likapanda, majani yakatapakaa chini ya meza, chini ya friji, kwenye soksi. Nikachambua kipande baada ya kipande. Hakuna kisanamu. Hakuna kauri. Kulikuwa na kikaratasi tu, kidogo kama stempu, kimeshikwa na majani, kina maandishi mekundu. Nikakaa pale sakafuni, nikaanza kulia, maana hata fève ya nyumbani kwetu ilikuwa ni karatasi. Karatasi, karatasi, kila kitu Brussels kilikuwa karatasi.

Na kengele ikalia.

Sikumwita mama. Nilisahau kila kitu nilichoambiwa. Niliruka mpaka kwenye kile kisanduku cha ukutani, nikabonyeza kitufe, nikasikia mlango wa chini unafunguka na viatu vizito vinapanda. Polisi wa mtaa alikuwa mtu mnene mwenye masharubu, anahema kwa ngazi. Aliniuliza kwa Kifaransa kama mama yupo. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza kama mimi ninaishi hapa. Nikakumbuka mimi ni nani sasa, mimi niliyepata fève, nikafuta kamasi, nikamwambia: "Oui. Moi, la reine." Ndiyo, mimi malkia.

Alikuwa bado anacheka mama alipotokea na mfuko wa nguo mbichi kichwani. Alikuwa amemwona polisi akiingia, akaacha mashine inazunguka, akavuta nguo za kwanza na kukimbia. Alimwona polisi. Kisha, juu ya bega la polisi, akaiona sakafu ya jikoni. Uso wake ulijaribu kufanya mambo mawili kwa pamoja ukashindwa. "Bonjour, monsieur," akasema, na kwa pumzi hiyo hiyo, "weye mutoto, weye mutoto, Yesu wangu, ulifanya nini?"

Polisi akaangalia sakafu. Akaangalia viatu vyangu vinavyokauka chini ya radiateur, mchoro wangu kwenye friji, kitana cha mama dirishani. Akasema kwa upole kwamba, kwa fujo hii, hana haja ya kuuliza kama mtoto anaishi hapa. Akaandika kwenye daftari lake, akataka sahihi, akaondoka. Dakika tano! Miezi ya maombi, na jambo lenyewe lilikuwa dakika tano.

Mama aliegemea mlango, akateleza mpaka chini, akalia na kucheka. Alinivuta kifuani nikaloa maji ya nguo. Halafu mikono yake ikaniachia. Alikuwa ameiona ile karatasi ya rangi ya ngozi.

"Faida. Ni ile ya kwanza?"

Nikaangalia soksi zangu.

"Mungu wangu. Tonton atatufukuza."

Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Aliosha mikono kwa maji matupu, bila sabuni, kwa sababu ya harufu, akapiga magoti, tukaokota. Jani kwa jani, mpaka chini ya friji. Kisha akaenda kuchukua nguo zilizobaki, akazikunja zikiwa na unyevu, na badala ya kuziweka mahali pake akaziweka ndani ya valise yetu ya safari, pale mlangoni. Nilielewa vizuri sana. Polisi ameandika kwamba tunaishi hapa, na jioni hatutaishi tena hapa, kwa sababu yangu.

Tonton alirudi saa kumi na mbili. Alisimama mlangoni, hata kofia hajavua, akanusa. "Nani amefungua chai?"

Mama alisimama mbele yangu. "Papa Anaclet, miye njo nimekosa. Nilimuacha mutoto peke yake." Akamwonyesha bakuli kubwa la vipande.

Tonton akakaa. Sijawahi kuona mtu anakaa polepole namna ile. Alichukua kipande, akakirudisha. Mimi nikatoka nyuma ya sketi ya mama, nikafungua kiganja changu, nikampa kile nilichokuwa nacho.

"Kintu gani hii?"

"Fève, Tonton. Ulisema iko ndani. Niliitafuta juu polisi akuje."

"Na amekuja, papa," mama akasema, sauti inamkatika. "Amekuja leo. Ameandika."

"Amekuja?"

"Amekuja. Amekubali."

Tonton akavaa miwani. Akakileta kikaratasi karibu na taa, akakisoma, na alijua kusoma, msisahau, miaka mitano kule si mchezo. Alikisoma muda mrefu kwa kikaratasi kidogo vile. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikaanza kulia na mimi kumsindikiza. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho kwa tai ya sare.

"Ni yenyewe," akasema. "Maman Faida, ni yenyewe! Ya kiwanda kikubwa. Barafiki yangu banione sasa!"

"Ya kweli?"

"Ya kweli kabisa. Na leo njo siku kubwa. Bon, weka maji!"

Nakumbuka maji ya kwanza aliyamwaga, na mimi nikalalamika kwamba anapoteza. Nakumbuka ya pili, mekundu ya kahawia, ndani ya vikombe vidogo kama vya mchezo. Nilionja, nikakunja uso, uchungu. Halafu uchungu ukaondoka, na utamu ukapanda polepole kutoka kooni, bila sukari, nikashangaa umetoka wapi. Mama alifumba macho akasema inanukia kama njia ya nyumbani kwao baada ya mvua. Alikunywa vikombe sita, yeye aliyeitukana chai ile majira yote ya baridi. Halafu akakaanga sambaza, mlango wa jikoni wazi, na Tonton hakusema neno. Ile karatasi ya rangi ya ngozi aliikata kwa mkasi, akaikunja, akanivalisha kichwani. "Muntu akipata fève, iko reine. Njo sheria."

Kabla ya kulala aliteremka na bisibisi. Nikajua: anakwenda kutoa jina letu. Nikakimbilia dirishani, nikamwona chini barabarani, ameinama kwenye kengele chini ya taa. Aling'oa kile kipande cha scotch. Akafungua kioo kidogo kinachofunika jina lake, akaingiza karatasi mpya yenye majina yote mawili, akafunga kioo. Mvua haikutuosha tena.

Basi juzi, tukipanga kabati hilo kwangu hapa Uccle, nilikuta taji langu, limekuwa laini kama kitambaa, na ndani yake bahasha yenye kile kikaratasi. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu chai ya kweli ya Tonton kutoka kiwanda kikubwa. Nikamwomba anisomee, neno kwa neno.

Akavaa miwani. Akanitazama juu yake. "Unataka kweli, ao unataka histoire?"

"Kweli."

"Banaandika: bustani ya chai ya shule ya ufundi. Kisha jina la wilaya. Basi."

"Na kiwanda?"

"Hakuna kiwanda. Ile muzee alinidanganya vizuri."

Nilimtazama. "Tonton! Ulicheka! Ulisema ni yenyewe!"

"Mama yako alikuwa anatetemeka. Valise niliiona pale ku mulango. Nimwambie nini, kwamba mutoto amevunja bongo?" Akakirudisha kikaratasi kwenye bahasha. "Na nilicheka kweli, usinisingizie. Miaka yote nilikuwa naogopa ile kintu. Mutoto wa miaka saba anaikalia, yote inaisha. Chai ilikuwa nzuri, ama haikuwa?"

Ilikuwa nzuri. Nikamshika mkono.

Sasa ni zamu yake. Amejiandikisha commune ya huku, jina lake liko kwenye kengele yangu, chini ya kioo, nimelipiga chapa kabisa. Na mzee wangu alikuwa amekaa dirishani tangu Jumatatu akimsubiri polisi wa mtaa. Magoti yamemkatalia zile ghorofa tatu za Saint-Josse, na alisema hataki kunisumbua, na kama polisi hatakuja yeye atajua ni ishara, atatafuta home, nyumba ya kutunzia wazee. Mama alikuwa ananipigia simu kila jioni: amekuja? Na mlango wa jikoni, unafunga? Nafunga, mama.

Jana mchana, ili aache kuchungulia nje, nilimwekea meza. Akachokoa galette moja, lakini mikono yake si ile ya zamani, ikamponyoka ikapasukia sakafuni, vipande mpaka chini ya friji. Alihuzunika sana. Akaanza kuinama kuokota, akiomba radhi kama mgeni, na mimi nilikuwa nimeshachukua ufagio, kengele ilipolia.

Niliuweka ufagio ukutani.

"Acha hivyo hivyo, Tonton," nikamwambia. "Aone kwamba unaishi hapa."